Warumi Ambao Hawakujenga San Giovanni

"Na hili hapa, shem, walijenga Warumi wenyewe. Hata Ukristo haujafika huku."

Shemeji yangu anaishi Bologna, na Jumamosi ile alinipandisha treni ya asubuhi hadi Firenze ili nami niuone mji huo. Tulikuwa tumeligeuzia mgongo kanisa kuu. Mbele yetu San Giovanni, jengo la ubatizo: pembe nane, marumaru nyeupe iliyotiwa mistari ya kijani kilichokolea, nusu-nguzo zimebandikwa ukutani, na juu yake matao ya duara yamejipanga kwa adabu. Shemeji aliongea kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kutembeza wageni wengi. Sikuwa na sababu ya kumbishia. Jengo lilionekana la Kirumi kweli.

Jioni, kwenye treni ya kurudi, nikachungulia simu. Wataalamu wengi wa leo wanasema San Giovanni tunaloliona ni la karne ya 11, na mapokeo yanasema liliwekwa wakfu mwaka 1059. Chini ya sakafu yake kuna mabaki ya nyumba za Kirumi, na baadhi ya nguzo za ndani zilitolewa kwenye majengo ya kale. Lakini jengo lenyewe lilisimamishwa wakati dola ya Roma ya magharibi imeshaanguka zaidi ya miaka mia tano nyuma.

Nikamsomea kwa sauti. Akanyamaza kidogo, halafu: "Sasa wale watu wote niliowaleta?"

Tulicheka, na ingeishia hapo. Ila niliendelea kusoma, nikakuta shemeji yuko na watu wazito. Giovanni Villani, aliyeandika historia ya mji huo katika karne ya 14, alisema lilikuwa hekalu la Mars, mungu wa vita. Dante, aliyebatizwa humo humo, anamtaja Mars kama mlinzi wa kwanza wa mji kabla ya Yohana Mbatizaji kushika zamu. Na kwa kila dalili tuliyo nayo, Filippo Brunelleschi, yule ambaye vitabu vyote humtanguliza akitajwa mtu aliyerudisha ujenzi wa Kirumi duniani, naye aliamini hivyo hivyo.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani wiki kadhaa.

Kama aliyeifufua Roma alijifunzia Roma kwenye jengo lisilo la Roma, alifufua kitu gani?

## Boriti iliyopinda

Mwaka 1419 chama cha wafanyabiashara wa hariri cha Firenze kilimpa Brunelleschi kazi ya kujenga makao ya watoto waliotupwa na wazazi wao, Ospedale degli Innocenti. Ukitafuta mahali pa kusema "hapa ndipo mambo yalipogeuka", wengi watakuonyesha baraza la mbele la jengo hilo.

Ni baraza la matao tisa juu ya nguzo nyembamba za jiwe la kijivu. Uzuri wake uko kwenye hesabu. Kimo cha nguzo ni sawa na umbali kati ya nguzo na nguzo, na ni sawa na kina cha baraza kutoka nguzo hadi ukuta: karibu mita 6 kila upande. Yaani ukitembea humo unatoka mchemraba mmoja wa hewa unaingia mwingine. Hakuna pambo linalokupigia kelele. Mwili unajua kuwa kuna mpango kabla macho hayajaelewa.

Watu waliita hiyo "namna ya kale". Lakini chunguza kidogo. Warumi wa zama za Colosseum, ule uwanja mkubwa wa michezo wa Roma, hawakuwa na mazoea ya kukalisha tao juu ya nguzo nyembamba. Walilikalisha juu ya mhimili mnene wa mawe, nguzo wakaibandika mbele kama pambo. Tao juu ya nguzo nyembamba lilionekana zaidi mwishoni mwa dola, na liliendelea kuonekana palepale Firenze, katika makanisa ya enzi za kati kama San Miniato al Monte na Santi Apostoli. Brunelleschi alikuwa akipita mbele ya makanisa hayo tangu utotoni. Roma yake ilikuwa ya mtaani kwao.

Halafu kuna kisa cha boriti.

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii katika karne ya 16 (na hakuwa mchoyo wa chumvi), anasimulia kwamba Brunelleschi alipokuwa hayupo, kazi ya Innocenti ilisimamiwa na Francesco della Luna. Boriti ya jiwe inayolala juu ya matao ilipofika mwisho wa ukuta, Francesco aliipinda, akaishusha wima hadi chini kama fremu ya mlango. Brunelleschi aliporudi akawaka. Boriti ni kitu kinacholala juu ya kitu kinachoibeba. Ikisimama wima imekuwa nini? Francesco akajitetea: nimeiga San Giovanni, na lile ni jengo la kale.

Brunelleschi akamjibu kwamba jengo lile lina kosa moja tu, na wewe ndilo ulilolichukua.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi. Mwanzoni nilikipenda kwa ukali wa jibu. Baadaye nikaona ajabu yake. Wote wawili wanakubaliana kwamba San Giovanni ni la Warumi. Wanagombana juu ya jengo la enzi za kati wakidhani wanagombana juu ya Roma. Na bado Brunelleschi ana ujasiri wa kusema Warumi, hao anaowadhania, walikosea. Anatoa wapi kipimo cha kuwakosoa? Si kwa Warumi. Kipimo kiko kichwani mwake, na ameshaanza kukiamini kuliko jengo lililo mbele yake.

## Wachimba hazina

Antonio Manetti, aliyemfahamu Brunelleschi alipokuwa ameshazeeka, ameandika kwamba katika ujana wake Brunelleschi alipokosa zabuni ya milango ya shaba ya San Giovanni (shindano la 1401, aliloshinda Lorenzo Ghiberti) aliondoka na mchongaji Donatello kwenda Roma. Walipima magofu. Waliajiri vibarua wachimbe pale msingi ulipofukiwa. Watu wa Roma walipowaona wawili hawa wamejaa vumbi, kila siku wanafukua, wakawaita wachimba hazina.

Jina liliwafaa, kwa jinsi Roma ilivyokuwa. Uwanja wa Forum, ambako maseneta walihutubia, uliitwa Campo Vaccino, malisho ya ng'ombe. Nguzo zimezama udongoni hadi kiunoni. Hakuna kibao kinachosema hili ni la kaisari Augusto, hili la kaisari Hadriano, hili limeongezwa miaka mia tatu baadaye. Kila kilichovunjika kilikuwa "cha kale", basi.

Kati ya yote, moja lilikuwa zima: Pantheon, hekalu la kale. Kuba lake lina upana wa mita 43, la zege tupu, lenye tundu la mwanga juu, na liliinuliwa katika miaka ya 120 enzi za Hadriano. Huko Firenze, kanisa kuu lilikuwa na shimo darini lenye upana wa karibu mita 45 ukipima kona hadi kona, na hakuna aliyejua namna ya kulifunika.

Hapa ndipo nilipotarajia hadithi nyepesi: akaenda Roma, akaona Pantheon, akarudi akajenga.

Haikuwa hivyo hata kidogo. Zege la Warumi, lile la chokaa na majivu ya volkano, hakuna aliyekuwa akilimimina kwa ukubwa huo tena. Shimo la Firenze lina pembe nane, la Pantheon ni duara. Na umbo la kuba la Firenze, lenye kilele kilichochongoka, lilikwisha kuamuliwa tangu 1367, kabla Brunelleschi hajazaliwa. Ni umbo la mafundi wa enzi za kati, Hadriano asingelitambua.

Alichokifanya kati ya 1420 na 1436 hakikuwahi kufanywa Roma. Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, zenye nafasi katikati. Alizifunga kwa minyororo ya mawe na vyuma iliyojificha ukutani ili zisipanuke. Alipanga matofali kwa mtindo wa mfupa wa samaki: tofali kadhaa zimelala, moja imesimama, tena na tena ikipanda kwa mzunguko, ili safu mbichi ishikiliwe na zile zilizosimama na isiteleze ndani kabla haijakauka. Kwa hiyo hakuhitaji kuweka msitu wa mbao chini yake kulishikilia, na mbao za kutosha wala zisingepatikana. Alibuni na mashine ya kupandishia mawe, inayozungushwa na maksai, yenye gia ya kubadili uelekeo wa mzigo bila kumgeuza mnyama.

Ngazi ni 463. Zinapita katikati ya zile kuba mbili, na mahali fulani karibu na juu ukuta wa nje unaanza kukuinamia begani, unatembea umejipinda kama mtu anayepita chini ya kitanda cha juu kwenye meli. Pale nilipumzika, shemeji yuko nyuma anahema, na matofali yake yalikuwa yamenikaribia pua. Yapo yaliyosimama. Yapo yaliyolala.

Sasa Roma ilimpa nini? Nadhani ilimpa ushahidi. Pantheon lilikuwa mbele ya macho yake likisema kitu kikubwa hivi kinaweza kusimama na kikadumu miaka elfu na mia tatu. Namna ya kukisimamisha ilibidi aitafute mwenyewe.

## Neno lina umri

Nikawa nimefika mahali pa kusema wote hawa walikuwa wanabahatisha. Halafu nikakumbana na Lorenzo Valla.

Mwaka 1440 Valla aliandika kuhusu hati maarufu iliyodai kwamba mfalme Konstantino, katika karne ya 4, alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Mapapa waliitumia hati hiyo kwa karne kadhaa. Valla akaisoma Kilatini chake na kuicheka. Inakuwaje hati ya karne ya 4 iwataje "satrapa", cheo cha magavana wa Uajemi, kati ya wakuu wa Roma? Nani aliyeandika hivyo zama zile? Kilatini kile kilikuwa cha miaka mia kadhaa baadaye. Hati ni ya kughushi.

Kwa hiyo kizazi kile kile kilichoshindwa kutofautisha jengo la karne ya 11 na hekalu la Kirumi kiliweza kukamata neno lisilo la zama zake. Walikuwa wamesoma Cicero, mwandishi wa Kirumi, kwa miaka mingi sana, mpaka sikio likawa linashtuka lenyewe. Jicho lilikuwa bado halijafundishwa hivyo.

Kuanzia hapo niliacha kutafuta kama walikosea. Nikaanza kutafuta lini jicho lilijifunza.

## Kitabu kisicho na picha

Wangeweza kusaidiwa na Vitruvius, fundi wa zama za Augusto, ambaye vitabu vyake kumi ndivyo pekee juu ya ujenzi vilivyotufikia vizima kutoka kale. Msomi Poggio Bracciolini alikuta nakala yake katika nyumba ya watawa ya St. Gallen, Uswisi, mwaka 1416, na ingawa wachache walikuwa nacho hata kabla yake, baada ya hapo kila msomi alikitaka.

Shida ni kwamba michoro yake ilipotea. Kilichobaki ni maneno, tena magumu. Leon Battista Alberti, msomi na mbunifu, alilalamika kwamba Vitruvius aliandika kwa namna ambayo Walatini walimwona ameandika Kigiriki na Wagiriki wakamwona ameandika Kilatini, na matokeo yake hakuandika lugha yoyote. Kisha Alberti akaandika vitabu vyake mwenyewe kumi.

Mfano mdogo. Vitruvius anasema mtu aliyenyoosha mikono na miguu anaenea ndani ya duara, na pia ndani ya mraba. Basi. Kila aliyesoma ilibidi achore mwenyewe. Cesare Cesariano, katika toleo lake la Kiitalia la 1521, aliweka duara na mraba kwenye kitovu kimoja, na ili mtu agote kona zote akalazimika kumvuta mikono na miguu mpaka akafanana na mtu anayeteswa. Leonardo da Vinci, mnamo 1490, alikuwa amekwisha kuachana na wazo hilo. Alipima watu halisi, akaona duara kitovu chake ni kitovu cha mtu, lakini mraba kitovu chake kiko chini zaidi. Akavitenganisha.

Mchoro wa Leonardo ndio tunaouona hadi kwenye fulana. Unachukuliwa kuwa picha ya wazo la Kirumi. Nusu yake ni wazo la Leonardo, aliyekisoma kitabu na kipimio mkononi.

## Mchana wa Januari

Tarehe 14 Januari 1506 wachimbaji katika shamba la mizabibu la Felice de Fredis, kwenye kilima cha Esquilino huko Roma, walitoboa chumba kilichofukiwa. Ndani mlikuwa na sanamu. Papa Julius II akamtuma mbunifu wake Giuliano da Sangallo, naye akamchukua mchongaji Michelangelo, aliyekuwa akishinda nyumbani kwake. Mtoto wa Giuliano, Francesco, alibebwa mabegani na baba yake. Zaidi ya miaka sitini baadaye Francesco aliandika anachokikumbuka: walipoteremka tu, baba yake alisema hii ndiyo Laokoon aliyoitaja Plinius. Wakapanua tundu ili itolewe. Kisha wakaenda kula chakula cha mchana, na mezani hawakuongea kingine zaidi ya mambo ya kale.

Nampenda huyu mtoto kwa kukumbuka chakula.

Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alikuwa ameiona sanamu hiyo katika kasri la Titus: kuhani Laokoon na wanawe wawili wamezongwa na nyoka, kazi bora kuliko zote, imechongwa kwenye jiwe moja. Kwa hiyo kilikuwa kitu cha nadra: maandishi na jiwe vimekutana. Na walichofanya Michelangelo na mchongaji mwenzake Gian Cristoforo Romano ni kuikagua. Wakasema si jiwe moja. Kuna maungio, yamefichwa kwa ustadi.

Kwangu hapo ndipo pa kugeukia. Kitabu cha mtu wa kale, aliyeiona sanamu ikiwa mpya zaidi, kimesema hivi. Jicho likasema vile. Wakaamini jicho.

Lakini jicho hilo hilo lilikuwa na upofu wake. Laokoon ilitoka ardhini nyeupe. Sanamu za Wagiriki na Warumi zilipakwa rangi: nywele, midomo, mavazi yenye mapambo. Udongo na mvua viliiondoa, na waliozichimbua wakadhani weupe ndio nia ya wachongaji. Daudi wa Michelangelo, aliyekamilika 1504, ni mweupe kwa imani hiyo, wakati wachongaji wa enzi za kati waliomtangulia walikuwa wakipaka rangi bila aibu, na kwa hilo walikuwa karibu zaidi na Wagiriki kuliko yeye. Nimewahi kuona picha za nakala za sanamu za kale zilizopakwa rangi upya. Zilinichukiza, nakiri, zikaonekana za bei rahisi. Macho yangu yalilelewa na kosa la Firenze, na sina hakika nataka kuyarekebisha.

Na mkono wa kulia wa Laokoon haukuwepo. Katika miaka ya 1530 mchongaji Montorsoli alimtengenezea mkono ulionyooshwa juu, wa kishujaa, na kwa karne kadhaa dunia ilimjua hivyo. Mwaka 1906 Ludwig Pollak, mfanyabiashara wa vitu vya kale, alikuta katika karakana ya mawe mjini Roma mkono uliokunjwa kuelekea kichwani. Baada ya nusu karne ukathibitishwa kuwa ni wake, ukarudishwa. Laokoon wa kweli hanyooshi kitu. Anashindwa.

## Tanuri

Sehemu hii nilikuwa nimeikwepa.

Sisi wa pwani tunaijua chokaa. Matumbawe yanapangwa juu ya rundo la magogo, yanachomwa, yanabaki unga mweupe wa kujengea nyumba za mawe. Marumaru nayo, mbele ya moto, haina tofauti na tumbawe. Roma ilikuwa imejaa marumaru ambayo tayari imekatwa na kusafirishwa, na mji mpya wa mapapa ulihitaji chokaa.

Basi sanamu zikaingia tanurini. Vichwa vya nguzo, mabamba ya maandishi, mikono, miguu. Mwaka 1452 peke yake mkandarasi mmoja alitoa Colosseum mikokoteni zaidi ya 2,500 ya mawe ndani ya miezi tisa. Hao hao waliolipia kufufuliwa kwa Roma ndio walioiteketeza, na mara nyingi kwa ajili ya jengo lile lile. Mbunifu Bramante, aliyejenga Tempietto mnamo 1502, kile kihekalu cha duara ambacho ni cha Kirumi kuliko majengo mengi ya Kirumi, ndiye aliyeanza 1506 kubomoa kanisa la kale la Mtakatifu Petro, la zama za Konstantino, ili ajenge jipya. Wenyeji walimpachika jina: Ruinante. Mvunjaji.

Mwaka 1515 Papa Leo X alimpa mchoraji Raffaello, aliyemrithi Bramante kazini, madaraka juu ya mawe yote ya kale yanayochimbuliwa Roma na pembezoni mwake. Kazi ilikuwa na sehemu mbili: apate mawe ya kujengea kanisa jipya, na mtu asikate jiwe lenye maandishi bila ruhusa yake. Mlinzi na mteja wakawa mtu mmoja.

Mnamo 1519, akisaidiwa na rafiki yake Baldassare Castiglione, Raffaello alimwandikia Papa barua. Anamwomba aokoe kilichobaki. Anasema anathubutu kutamka kwamba Roma hii yote mpya tunayoiona, na ukubwa wake, na uzuri wake, na makasri na makanisa yake, yote imejengwa kwa chokaa ya marumaru za kale.

Lakini kuna sehemu nyingine ya barua hiyo inayotajwa mara chache, na ndiyo niliyokuwa nikiitafuta bila kujua. Raffaello anamweleza Papa namna ya kutambua umri wa majengo. Anachukua tao la Konstantino. Ujenzi wake, anasema, ni mzuri. Sanamu zilizochongwa zama za Konstantino mwenyewe ni za kipumbavu, hazina ufundi. Na zile zilizong'olewa kwenye majengo ya makaisari wa kabla yake, Trajano na Antonino Pio, zikabandikwa pale ni bora kabisa.

Jengo moja, na jicho linasoma zama tofauti ndani yake.

Kutoka baraza la Innocenti hadi barua hii ni karibu miaka mia moja. Walianza hawajui kuwa San Giovanni si la Warumi. Wakaishia wanaweza kupita mbele ya tao na kukwambia kipande hiki ni cha nani na kile kimeporwa wapi. Nguzo na matao wengine wangeweza kuyaiga, na waliyaiga. Kulitazama jiwe na kuona umbali wa miaka kati yako nalo, hicho sidhani kama Warumi wenyewe walikuwa nacho.

Na huzuni ya barua ile inatoka hapo hapo. Kwa aliyeona kila kitu ni "cha kale" tu, sanamu moja kutupwa tanurini haikuwa jambo, zipo nyingine. Raffaello alijua kwamba ikiungua hii, imeungua ya Trajano.

Alifariki mwaka uliofuata, Aprili 1520, ana miaka 37. Uchoraji wa Roma yote aliokuwa amemwahidi Papa ulikuwa haujamalizika. Matanuri yaliendelea.

## Nyumba za Palladio

Ningeweza kuishia hapo na kusema jicho limefunguka, mambo yakanyooka. Ila yuko Andrea Palladio.

Huyu alianza kama mkata mawe, akaenda Roma mara kadhaa, akapima kila gofu alilolifikia. Hakuna aliyejua mahekalu ya kale kama yeye. Na kazi yake iliyosambaa duniani kuliko zote imesimama juu ya dhana tupu.

Aliweka uso wa hekalu kwenye nyumba za watu. Nguzo, na juu yake ile pembetatu. Villa Rotonda, iliyoanzwa katika miaka ya 1560 juu ya kilima nje ya Vicenza, ina uso huo pande zote nne. Katika vitabu vyake vinne vya 1570 anatoa sababu. Uso huo unaonyesha mlango uko wapi, unaipa nyumba ukuu, na unawapa wenye nyumba mahali pa kuweka nembo ya ukoo. Kisha anaongeza kwamba watu wa kale waliuweka kwenye mahekalu, na yaelekea waliuchukua kutoka kwenye nyumba za kawaida. Yaani nyumba ilitangulia hekalu, kwa hiyo yeye anairudishia nyumba kilicho chake.

Nyumba ya kawaida ya Kirumi iliyo nzima hakuwa amewahi kuiona. Hakuna aliyekuwa ameiona. Pompeii ilianza kuchimbwa mwaka 1748, na ndipo ikajulikana kwamba nyumba zile ziliugeukia ua wa ndani, upande wa mtaani ni ukuta wa kawaida na mlango, pengine na duka ubavuni.

Wakati huo kitabu chake kilikuwa kimefika mbali. Mbunifu Mwingereza Inigo Jones alitembea nacho Italia mwaka 1613 na 1614, akiandika maelezo pembeni, akarudi kujenga Uingereza. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani, alikithamini akijenga kwake Monticello. Mazoea hayo ya Waingereza ya kuweka nguzo popote wanapotaka jengo liheshimiwe yakapanda meli, na Nairobi yamo kwenye Maktaba ya McMillan ya 1931, yenye nguzo mbele na simba wake wawili wa mawe, ambako leo wanafunzi wanaingia kutafuta kiti.

Nimejiuliza kama ningetaka Palladio angezaliwa baada ya Pompeii kufukuliwa. Angekuwa sahihi. Angejenga kuta zisizo na madirisha kuuzunguka ua, na mafundi wa Vicenza wangemwambia kwamba ua wanao tayari.